Ile Bendera ya Njano Haimaanishi Ugonjwa

Ukikaa ufukweni Shangani, meli zinazoingia bandari ya Mtwara zinapita karibu kiasi cha kuweza kuzihesabu bendera zake. Ubishi ulianzia hapo, jioni moja, tukinywa kahawa. Meli ya mizigo ilikuwa inaingia taratibu. Juu ilikuwa na kitambaa cha njano kitupu, kando yake bendera yetu ya Taifa, na nyuma kabisa, kwenye tezi, bendera ambayo hakuna aliyeitambua.

Mzee mmoja mvuvi akasema njano ni alama ya ugonjwa, humo ndani kuna watu wanaharisha. Jirani yake akapinga: hiyo ni bendera ya watu wa bandari. Kijana wa bodaboda akaona anawamaliza wote. "Wazee, si mnaona imepandisha bendera ya Tanzania? Hiyo ni meli ya Serikali, kwisha habari."

Wote watatu walikosea, na siwacheki. Niliwahi kuwa karani wa wakala wa forodha, kazi yangu ikiwa kukimbiza karatasi kati ya ofisi zenye alama tofauti, na kuna siku nilipeleka barua ofisi isiyo yake kwa sababu niliangalia mchoro wa juu nikaacha kusoma jina lililoandikwa chini yake. Nilirudi na barua yangu na maneno ya kutosha.

Njano tutairudia. Tuanze na maneno, maana nusu ya mkanganyiko imo kwenye maneno.

Nembo zilianzia usoni

Bendera inajulikana: kitambaa kinachopandishwa ili kionekane kutoka mbali. Muhuri nao unajulikana: alama inayogongwa kwenye karatasi kuonyesha kwamba ofisi fulani imeipitia. Tabu iko kwenye neno nembo. Kiswahili chetu kinalitumia kwa vitu viwili vyenye uzito tofauti kabisa: Nembo ya Taifa, ile tunayoiita Bibi na Bwana, na nembo ya taasisi, yaani mchoro ambao shirika, halmashauri au hata duka la vifaa vya ujenzi limejichagulia litambulike kwao.

Sisi wa kusini neno hili tunalijua hata kabla halijaingia ofisini. Wamakonde huziita dinembo zile chale za usoni, mistari na pembe zilizochanjwa zikatiwa weusi. Vijana hawachanjwi tena, lakini ukizunguka Newala na vijiji vyake bado unakutana na bibi mwenye ndonya, kile kipini cha mdomo wa juu, au nembo zake, na mtu wa zamani akimtazama alijua huyu ni wa watu gani. Kazi ya nembo ilikuwa hiyo hiyo iliyo nayo leo: kujibu swali la "wewe wa nani?" Tofauti ni kwamba ya usoni ilichanjwa kwa maumivu, mbele ya watu, na hukuweza kuiazima. Ya kwenye karatasi inapigwa picha kwa simu na kubandikwa popote kwa dakika mbili. Hili nalo tutalirudia.

Nembo ya Taifa ichukulie kama jina la ukoo, na nembo ya taasisi kama jina la mtu. Ofisi ya mkuu wa mkoa wa Lindi, hospitali ya Ligula, kituo cha polisi na wizara Dodoma wote ni watoto wa baba mmoja, wana haki ya jina la ukoo. Lakini Bodi ya Korosho, ambayo makao yake makuu yako hapa hapa Mtwara, au TANESCO, au Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari, kila mmoja ana jina lake mwenyewe juu ya lile la ukoo. Ndiyo maana barua nyingi za halmashauri utaziona na Bibi na Bwana upande mmoja na mchoro wa halmashauri upande wa pili. Huo si urembo. Wa kwanza unasema "hii ni Serikali," wa pili unasema "na sisi ndio tunaoongea."

Jina la mtu linaweza kubadilishwa. Shirika likiamka siku moja likaona nembo yake imechakaa, linaweza kufuata taratibu zake na kuchora nyingine, na wananchi watalalamika wiki moja kisha wazoee. Jina la ukoo halibadilishwi hivyo. Nembo ya Taifa na bendera vinalindwa na Sheria ya Nembo za Taifa ya mwaka 1971, na huwezi kuvibandika kwenye gunia la bidhaa yako au kwenye tangazo la biashara kwa sababu tu wewe ni Mtanzania mzalendo. Kunahitajika kibali.

Na hiyo Bibi na Bwana yenyewe, tunaiona kila siku lakini wachache wamewahi kuisoma. Katikati ni ngao. Juu kabisa kuna mwenge kwenye dhahabu, chini yake bendera ya Taifa, kisha jembe na shoka vilivyopishana kwenye wekundu, halafu mawimbi ya buluu na nyeupe, na mkuki umesimama. Ngao imekaa juu ya mlima Kilimanjaro. Bwana na bibi wameshika pembe za ndovu, miguuni pa bwana kuna mkarafuu, miguuni pa bibi kuna mpamba, na utepe wa chini unasema "Uhuru na Umoja". Watu wa huku huwa wanauliza, na mimi naungana nao: mkorosho je? Karafuu ni Zanzibar, pamba ni kanda ya ziwa, na sisi tunaopalilia na kupulizia salfa tumeachwa nje ya picha. Nembo ilichorwa zamani hizo. Madai yetu yameshachelewa.

Nani aliichora ni ubishi mwingine. Mei 2017 alifariki Dar es Salaam mzee Francis Ngosha, ambaye magazeti yalimkuta Buguruni akiishi maisha magumu na akisema ndiye mchoraji. Wapo waliomwamini na wapo waliomtaja mtu mwingine.

Bendera inauliza: hapa pana mamlaka ya nani?

Kama nembo inajibu "wewe wa nani?", bendera inajibu swali zito zaidi: "hapa pana mamlaka ya nani?" Pwani yetu iliwahi kumwaga damu kwa sababu ya swali hilo, na kisa hiki ndicho kinachonisaidia kila ninapomweleza mtu tofauti kati ya bendera ya nchi na bendera ya taasisi.

Mwaka 1888 pwani hii ilikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, Khalifa bin Said, na bendera yake ilikuwa nyekundu tupu. Mwezi Aprili alikodisha kwa Kampuni ya Wajerumani ya Afrika Mashariki haki ya kukusanya ushuru kwenye miji ya pwani. Elewa vizuri: ilikuwa kampuni, wafanyabiashara, si dola ya Ujerumani. Agosti maofisa wake wakatua kwenye miji, Lindi, Mikindani na Kilwa zikiwamo, na wakataka bendera ya kampuni ipepee pamoja na ya Sultani. Ilikuwa nyeupe yenye msalaba mweusi, na kwenye kona kipande chekundu chenye nyota. Huko Pangani ofisa aitwaye Emil von Zelewski alilishikilia jambo hilo mpaka mji ukachafuka.

Watu wa pwani hawakuwa wajinga wa kupigania kitambaa. Walielewa kwamba mpangaji anapokuja na kibao chake na kukitundika sawa na cha mwenye nyumba, anachodai si chumba tena. Kilwa maofisa wawili wa kampuni waliuawa. Lindi na Mikindani Wajerumani walikimbia. Baadaye Berlin ilituma majeshi chini ya Hermann Wissmann, na mwanzoni mwa 1891 dola ya Ujerumani ikachukua utawala kutoka mikononi mwa kampuni. Hapo ndipo bendera iliyopepea ikawa ya nchi.

Basi ukiona leo mbele ya ofisi ya shirika bendera mbili, moja ya Taifa na nyingine nyeupe yenye nembo ya shirika, usidhani zina cheo kimoja. Ya shirika ni nembo iliyochapwa kwenye kitambaa, sawa na kibao cha mlangoni. Haiwezi kuwekwa juu ya ile ya Taifa. Na kama ya pili ni ya buluu yenye alama katikati, angalia vizuri: mbele ya ofisi nyingi za Serikali hiyo ni bendera ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Nimemsikia mtu mzima akiieleza kuwa ya Benki ya Dunia.

Desturi ya idara za Serikali kuwa na alama zao kwenye bendera tuliipata sana kupitia bahari. Waingereza mwaka 1864 walipanga kwamba meli za kivita zipeperushe bendera nyeupe, za biashara nyekundu, na vyombo vya idara za serikali buluu, zote zikiwa na bendera ya Uingereza kwenye kona. Kila koloni na idara ikaongeza alama yake. Tanganyika ilipewa kichwa cha twiga. Naam, kwa miaka mingi kabla ya 1961 nchi hii ilitambulishwa na twiga kwenye kitambaa chekundu, na wazee wetu wengi walikufa bila kumwona twiga mwenyewe.

Usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961 ikapanda ya kijani, nyeusi na njano, ambayo Luteni Alexander Nyirenda aliifikisha pia kileleni Kilimanjaro. Baada ya Muungano wa 26 Aprili 1964, buluu ya Zanzibar ikaingia, na bendera tuliyo nayo ikaanza kutumika 30 Juni mwaka huo. Kijani ni ardhi na uoto, njano ni madini, nyeusi ni watu, buluu ni bahari, mito na maziwa. Zanzibar nayo tangu 2005 ina bendera yake, na kwenye kona ya juu imebeba ya Muungano.

Hapa ndipo huibuka maneno ya vijiweni kwamba kijani kimewekwa kwa ajili ya CCM. Tarehe zinakataa, kwa kiasi. CCM ilizaliwa 5 Februari 1977, miaka kumi na miwili na ushee baada ya bendera. Lakini mwenye maneno hayo hajaokota jalalani pia, kwa kuwa bendera ya Tanganyika ilifuata rangi za TANU, na TANU ndiyo mmoja wa wazazi wa CCM. Chama na bendera wamerithi kijani kutoka kwa babu mmoja, lakini mmoja hakumzaa mwenzake.

Na mkanganyiko huu una chanzo cha kweli vijijini. Mpaka 1992 nchi ilikuwa ya chama kimoja, na kijijini ofisi ya chama na ya serikali mara nyingi ilikuwa paa moja, mwenyekiti mmoja, daftari moja. Mama yangu mkubwa, mtu wa Nachingwea, hadi leo akisema "naenda chamani" anaweza kuwa anakwenda kwa mtendaji wa kijiji. Bendera ya chama, chochote kile, iko kwenye ofisi ya chama au nyumbani kwa kada. Ofisi ya mtendaji inapandisha ya Taifa.

Tuirudie meli

Meli kubwa hubeba bendera zenye kazi tofauti, na ukijua tatu au nne tu, kukaa Shangani kunakuwa na raha yake.

Ile ya kwenye tezi ni ya nchi meli iliposajiliwa. Si lazima iwe nchi ya mwenye meli, wala ya mabaharia wake. Meli nyingi duniani zimesajiliwa Panama, Liberia au visiwa vya Marshall kwa sababu usajili wa huko ni rahisi, kama vile lori linaloweza kuwa na namba ya nchi moja, tajiri wa nchi ya pili na dereva wa nchi ya tatu. Sheria inayotawala ndani ya meli hiyo kwanza ni ya nchi ya bendera.

Bendera ya Tanzania iliyo juu mbele ni ya heshima. Mgeni akiingia bandari ya watu hupandisha bendera ya wenyeji, kama mtu anayevua viatu mlangoni. Haimfanyi kuwa wa nyumba hiyo. Kijana wa bodaboda hapo aliponea chupuchupu: kulikuwa na Serikali katika jambo hilo, ila meli si yake.

Na njano? Mzee wa uvuvi alikuwa na kumbukumbu ya kweli iliyopitwa na wakati. Zamani njano ilihusishwa na magonjwa ya kuambukiza. Lakini katika alama za kimataifa za meli zinazotumika sasa, njano tupu inasema karibu kinyume chake: "Meli yangu ina afya, naomba ruhusa ya kuingia." Ni ombi kwa maofisa wa afya wa bandari. Wakikagua wakaridhika, inashushwa. Inayohusu karantini ni nyingine, yenye vyumba vinne vya njano na nyeusi kama kipande cha draft. Ukiiona hiyo, ndipo mwite mzee.

Nyekundu tupu yenye mkato kama mkia wa mbayuwayu ina maana meli inapakia, inapakua au imebeba mzigo wa hatari, kwa mfano mafuta au baruti. Nusu nyeupe nusu nyekundu ina maana rubani yumo ndani. Huyu ni nahodha wa bandari anayepanda kuiongoza meli isikwame, na kwenye mlango wetu ulivyojikunja ana kazi. Buluu yenye mraba mweupe katikati, bandarini, inawaita watu wote warudi melini maana inakaribia kung'oa nanga. Vijana wanaopakia korosho na makaa ya mawe hiyo wanaijua vizuri kuliko mimi.

Karatasi yenye Bibi na Bwana

Nilisema tutarudi kwenye nembo inayopigwa picha. Siku za mnada wa korosho, kwenye ghala kunakutana watu wengi wenye vizibao na vitambulisho: chama cha msingi, chama kikuu cha ushirika, halmashauri inayofuata ushuru wake, Bodi ya Korosho, benki, wanunuzi. Mkulima anaona nembo saba na kwake wote ni "watu wa Serikali". Sivyo. Chama cha msingi na chama kikuu ni mali ya wanachama, yaani yeye mwenyewe mkulima. Vinasimamiwa na Serikali lakini si Serikali. Benki ni benki. Ukidaiwa makato, uliza ni ya nani kati ya hao, ndipo utajua pa kulalamikia.

Jirani yangu aliletewa karatasi yenye Bibi na Bwana iliyochapwa kwa rangi nzuri, ikimtaka alipe "ada ya kuhuisha kiwanja" kwa namba ya simu ya mtu. Alilipa. Alipoulizwa kwa nini hakushtuka, akajibu, "Shemeji, si ilikuwa na nembo?" Nembo kwenye karatasi haithibitishi kitu, inadai tu. Kinachothibitisha ni mambo ya kuchosha yaliyo chini yake: jina kamili la ofisi, kumbukumbu namba ya barua, sahihi yenye cheo, muhuri wa ofisi hiyo hiyo, na malipo ya Serikali yanayokwenda kwa kontroo namba na si kwa namba ya mtu. Ukiwa na shaka, ichukue karatasi uipeleke kwenye ofisi iliyotajwa, mkononi. Mtwara si mji mkubwa.

Magari nayo yana nembo zake za herufi. PT ni polisi, JW ni jeshi, SU ni shirika la umma, SM ni serikali za mitaa. Bendera ndogo ya Taifa mbele ya gari la mkuu wa mkoa au wa wilaya inamhusu kiongozi mwenyewe, si gari, na ukiona imefunikwa, mara nyingi mwenyewe hayumo. Rais ana bendera yake ya pekee, ya kijani iliyozungushiwa buluu, ngao ikiwa katikati.

Julai 2020, Mzee Benjamin Mkapa alipofariki, nchi nzima iliomboleza siku saba bendera zikiwa nusu mlingoti, na mazishi yalikuwa huku kwetu, Lupaso, Masasi. Niliona ofisi moja ikiipandisha moja kwa moja mpaka katikati na kuifunga hapo. Utaratibu ni kuifikisha kwanza juu kabisa, kisha kuishusha mpaka nusu, na jioni kuirudisha juu kabla ya kuitoa. Asubuhi na jioni, saa kumi na mbili, filimbi ikilia kituo cha polisi na bendera ikipanda au ikishuka, simama ulipo. Hata kama umebeba ndoo.

Kosa linalotokea sana kwenye bendera yetu ni kuipindua. Kwa kuwa mstari wake mweusi umelala mshazari, ikigeuzwa haishtui jicho. Kijani hukaa juu, upande wa mlingoti, na buluu chini, upande wa nje.

Kesho yake tulipita tena karibu na uzio wa bandari, mimi na mzee mvuvi. Njano ilikuwa imeshashushwa, na nikaanza kumweleza kwamba maofisa wa afya wameridhika. Hakuwa ananisikiliza. Alikuwa amekaza macho kwenye bendera ya heshima. "Mwalimu," akaniita, jina wanalonitania nalo, "umesema kijani inakaa wapi?"

Buluu ilikuwa juu.